Jinsi Mshehereshaji Anavyoishiwa Maneno

Jumamosi, 8 Septemba 2007

Tangu jana mimi ni meneja wa mwimbaji, na meneja hawezi kukaa bila mahali pa kuandika mambo yake, kwa hiyo nimenunua daftari. Naandikia kwenye usukani. Gari ni la kituo cha wazee cha hapa Wheaton: nawapeleka kusafishwa figo, nawasubiri, nawarudisha. Kazi yenyewe ni kusubiri, kuendesha ni mapumziko. Na mimi kusubiri siwezi. Hadi sasa nimepangusa vioo vyote na kumpigia honi njiwa.

Anayesoma hapa (Domina mke wangu, najua ni wewe) akumbuke anasoma maneno ya nani. Respicius, Mhaya wa Bukoba, kidato cha pili na nusu. Ile nusu ni kwa sababu ada iliisha katikati ya mwaka. Wahaya wenzangu wakikutana huku huulizana chuo gani. Mimi nawauliza bandari gani. Nimepika kwenye meli za Wagiriki, nimeshuka Pireo, Napoli, Maskati, Santos. Na tangu nije Marekani hakuna harusi ya Mtanzania, Maryland wala Virginia, inayofungwa vizuri bila mimi kushika kipaza. Kuna bibi harusi alisogeza tarehe kwa ajili yangu. Bwana harusi hakuulizwa.

Sasa jana, Gaithersburg, sherehe ya kumuaga binti mmoja. Kwaya ya Wakongo inaimba, vile vyombo vya kukodi vikazimika. Wote wakanyamaza, isipokuwa msichana mmoja wa mstari wa nyuma ambaye hakuona sababu ya kunyamaza. Aliendelea peke yake. Mimi nimesikia waimbaji wa mabandari yote, lakini sijawahi kuona ukumbi wa watu waliokwisha kunywa ukisahau bilauri mkononi.

Anaitwa Uwase. Kwao Uvira, amekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, ameingia Marekani mwaka jana, anafua mashuka kwenye nyumba ya wazee huko huko Gaithersburg. Nikamwambia kuanzia leo mimi ni meneja wako. Akacheka, akasema, "Sawa, yaya." Kwao yaya ni kaka mkubwa. Kwetu yaya ni msichana wa kulea watoto. Nimekubali vyote viwili.

Jumanne, 18 Septemba

Mama Peterson huja kituoni kila Jumanne kuwaimbisha wazee. Ni Mmarekani mweusi, mwalimu wa muziki aliyestaafu, mwembamba, mgongo umenyooka kama mlingoti. Mwaka mzima anatafuta msichana wa kuimba kama Dorothea Marlow katika mchezo wa kumbukumbu kanisani kwao, Beltsville. Leo nimempelekea Uwase.

"Jina lako nani, binti?" akauliza.

"Anaitwa Uwase," nikasema, "Mkongo, mtoto wa Uvira, amepitia kambini, sasa yuko kwenye mashuka lakini si kwa muda mrefu, maana..."

Mama Peterson akanitazama, kisha akamtazama yeye. "Imba," akasema.

Aliimba. Mzee mmoja aliyekuwa hajatamka neno tangu kiangazi akauliza ni nani huyo.

Huyu Dorothea, kwa nilivyoelezwa, alizaliwa mtumwa humu humu Maryland. Akaachiwa huru bado msichana, na utumwa ukiwa haujafutwa kwa wenzake, akajitia kichwani kwamba atakuwa mwimbaji wa majukwaa makubwa, na gauni la hariri, na piano, na nyimbo za Kitaliano. Watu walikuja. Wachache kusikia, wengi kucheka. Enzi hizo mwimbaji mwanamke alipandishwa jukwaani akishikwa mkono na bwana fulani. Kwake hakupatikana bwana wa kushika mkono ule. Akapanda peke yake, ukumbi mzima ukimtazama anavyotembea.

Nikasema mimi ningemshika.

"Siku hizi kila mtu anasema hivyo," akajibu Mama Peterson.

Jumamosi, 22 Septemba

Nimepata nafasi kwenye mchezo, na si ya kubeba viti. Mimi ni Kanali Hollis, meneja wa Dorothea. Hakuwa kanali wa jeshi lolote, alijipa mwenyewe. Nimempenda hapo hapo. Alikuwa Mzungu, kwa hiyo nikauliza kama nitapakwa unga. Mama Peterson akasema sitapakwa kitu, nitavaa kofia.

Kazi ya Kanali ni kumtangaza Dorothea kabla hajaimba. Anaongea, anaongea, na Dorothea anasimama mlangoni bila kusogea, anamtazama tu, mpaka yeye mwenyewe anyamaze. Mama Peterson anasema hiyo ilitokea kweli, usiku mmoja, na baada ya hapo Dorothea hakumruhusu tena kufungua mdomo. Kwenye karatasi zangu imeandikwa: *Kanali aishiwa maneno.*

Nikamwambia, mama, hapo pana tatizo. Mimi sijawahi kuishiwa maneno. Sijui kunakuwaje. Ni kama kumwambia samaki aigize kiu.

Lakini kubwa ni hili. Tarehe nane Desemba, siku ya mchezo, atakuja mwalimu wa chuo cha muziki kutoka Baltimore, rafiki wa Mama Peterson. Akiridhika na Uwase atamchukua Januari amfundishe sauti, bila ada. Asiporidhika, ni mashuka, na mashuka hayana mwisho, maana wazee hawaachi kulala. Uwase ana miaka ishirini na sita. Mama Peterson anasema sauti haimngoji mtu.

Jumatatu, 1 Oktoba

Joto la Bukoba mwezi wa Oktoba. Miti imekataa kuangusha majani. Niko maegeshoni. Nimebadilisha stesheni ya redio mpaka mzee wa kiti cha nyuma ameniomba nichague moja nife nayo.

Jumamosi, 6 Oktoba

Wimbo wa Dorothea ni wa Kitaliano, na nani mwingine hapa anajua Kitaliano kama si mimi niliyeishi Napoli? Nikajitolea kumfundisha matamshi. Bahati mbaya Kitaliano changu ni cha kununulia samaki na kutukania mwenye samaki. Mama Peterson, ambaye kumbe anakijua, alifunga kinanda akatoka nje kwenda kucheka.

Njiani nikamsimulia Uwase ile ya Napoli, jinsi mpishi mwenzangu alivyonunua samaki akiwa hai, na samaki akaamua kurudi. Tulifika kwake kabla sijamaliza. Akashuka akiwa ameshika mbavu. "Yaya, utanimalizia siku ingine." Anacheka kwa sauti ileile anayoimbia.

Jumanne, 9 Oktoba

Kadi zangu zimetoka. RESPICIUS, MENEJA WA WANAMUZIKI. Domina ameuliza hao wanamuziki wengine wako wapi.

Jumamosi, 13 Oktoba

Mazoezi. Nimeongea kama Kanali, Uwase amesimama mlangoni, na nilipofika pale pa kuishiwa maneno nikaongeza kichekesho kidogo cha mama mkwe. Mama Peterson akasema tena. Nikarudia, nikafika palepale, nikaongeza kingine.

"Bwana Respicius, hapo unanyamaza."

"Nilikuwa nanyamaza, mama, ndipo likaja."

Mara sita tumerudia. Uwase amechoka kusimama akakaa kwenye benchi. Yeye hakucheka leo.

Ijumaa, 19 Oktoba

Namrudisha Uwase kwake. Foleni ya barabara ya 270, magari yamesimama kama ng'ombe mnadani, kiyoyozi kibovu. Katika kusimama huko Uwase amenieleza habari za mama yake. Sikumwuliza, alianza mwenyewe. Jinsi walivyovuka ziwa, na mama alivyoanza kuumwa kambini, na shuka walilomzikia, kwamba halikumtosha miguuni. Ndiyo maana, anasema, akikunja mashuka pale kazini huwa anavuta ncha.

Foleni ilipoachia nikaongea habari za foleni.

Jumamosi, 27 Oktoba

Mvua imenyesha siku nne bila kupumzika na majani yote yameanguka kwa pamoja. Nimekaa jikoni. Siwezi kukaa. Naandika nimesimama.

Jioni kulikuwa na chakula kanisani, Beltsville, cha kuchangia mchezo wa Desemba. Kuku wa kukaanga, makaroni ya jibini, wazee kwa vijana, weusi kwa weupe, ukumbi umejaa. Uwase aimbe wimbo mmoja, watu waonje. Mama Peterson akanikabidhi kipaza: "Dakika moja, Bwana Respicius."

Dakika moja. Mimi kwa dakika moja huwa sijamaliza kumsalimia mchungaji.

Nikaanza vizuri. Utani, watu wakacheka, nikapasha moto ukumbi. Kisha nikafikiri, hawa hawamjui msichana huyu ni nani. Nikawaambia. Uvira. Ziwa usiku. Kambi. Nikawaambia habari za mama yake. Nikawaambia na habari ya shuka. Kiingereza changu kina mashimo lakini leo hakikujikwaa hata mara moja, na nikaona vitambaa vinatoka mifukoni, wanawake wanafuta macho, nikajua nimewashika.

Uwase akaimba. Ubeti wa pili nikaona watu wamekaa tu kama magogo, mtoto wa watu anaimba vile na hakuna anayeinuka. Kwetu hiyo ni aibu. Mwimbaji akikuchoma lazima uende kumtuza. Nikashika kipaza, nikasema kwetu mwimbaji haachwi mikono mitupu, nikaita meza kwa meza kama harusini: meza ya kwanza karibuni, meza ya pili jiandaeni.

Walikuja. Harusini kwetu watu wanakuja wakicheza, kiuno kinazunguka, vigelegele, noti inabandikwa kwenye paji la uso la mwimbaji maana yake umetuua, endelea kutuua. Hawa walikuja kwa mstari, polepole, vichwa vimeinama upande mmoja, kama wanaaga maiti. Walimwekea noti mkononi na kumfunga vidole. Bibi mmoja alimpapasa shavu, akamwambia pole mwanangu. Mzee mmoja akaenda kwenye kabati la nguo, akarudi na koti la baridi la mkewe, akamvisha mabegani huku msichana anaimba.

Uwase akakata wimbo. Katikati ya mstari, siyo hata mwisho wa pumzi. Akavua koti, akalikunja, akavuta ncha zikalingana, akaliweka juu ya kinanda na zile noti juu yake. Akatoka kwa mlango wa pembeni.

Nilimfuata na gari. Alikuwa kituo cha basi, mvua inampiga.

"Ingia, dada, utaugua."

Hakunitazama. Basi likaja, akapanda.

Sasa mimi nauliza, nimekosa nini? Nimemwinua mbele ya ukumbi mzima. Kuna waimbaji Dar es Salaam wangeniombea dua.

Jumapili, 28 Oktoba

Nimeuliza swali hilo kwa sauti wakati wa chai. Jacqueline, binti yetu, ana miaka kumi na nne, Kiswahili anasikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza, hata ukimwuliza kwa viboko. Jana alikuwepo. Hakuinua macho kutoka kwenye bakuli.

"Baba," akasema, nami natafsiri, "hawakuwa wanamtuza. Walikuwa wanamsaidia."

Domina akaacha kukoroga chai.

Jumanne, 30 Oktoba

Uwase hapokei simu. Mama Peterson amewaimbisha wazee bila kunisalimia.

Jumamosi, 3 Novemba

Nimekwenda mwenyewe kwa Mama Peterson, nimevaa tai. Nilimkuta anakusanya majani uani. Hakunikaribisha ndani, lakini alinipa reki ya pili.

Tulikusanya. Nikajieleza. Nilijieleza kuanzia Bukoba. Alipoona sifiki mwisho akauliza:

"Umesoma mchezo wote?"

"Nimesoma sehemu yangu."

"Yote?"

Kusema kweli nilisoma mistari yangu tu, ile niliyopigiwa rangi ya njano, maana Kiingereza cha kuandikwa kinanichosha macho. Akaingia ndani akaja na karatasi, akanisomea aliyoyapata kwenye magazeti ya zamani. Kwamba Kanali Hollis alibandika matangazo mji mzima yenye picha ya Dorothea amevaa matambara, na hali msichana mwenyewe alijishonea hariri. Kwamba kabla Dorothea hajaimba, Kanali aliwasimulia watu viboko, na siku mama yake Dorothea alivyouzwa, mpaka wanawake wakalia. Na kwamba wimbo ukiisha alivua kofia yake, akaigeuza, akaipitisha mstari kwa mstari, watu wamtilie maskini yule. Yeye Dorothea alikuwa ameimba nyimbo ngumu ambazo wengi mle ndani wasingeweza hata kuzitaja, na watu walirudi nyumbani wakizungumzia viboko.

Nilikuwa nimeshika reki kama bunduki.

"Mama Peterson," nikasema, "ulinichagua kuwa Kanali kwa sababu ya sauti yangu?"

"Sauti yako nzuri." Akavuta majani kidogo. "Lakini siku ile ya kwanza nilimwuliza yeye jina lake, ukajibu wewe."

Tulijaza mifuko yote aliyokuwa nayo. Sikumbuki nilisema nini tena. Nadhani kuhusu mifuko.

Alhamisi, 8 Novemba

Imebaki mwezi. Mama Peterson hajamwambia yule mwalimu wa Baltimore asije. Anasema atamwambia wiki ijayo.

Ijumaa, 9 Novemba

Nimeendesha mpaka Gaithersburg, nikafika mlango wa nyumba ya wazee, nikageuza. Foleni ya kurudi imenipa muda wa kujitukana kwa lugha nne.

Jumatano, 14 Novemba

Leo niliingia.

Chumba cha kufulia kiko chini, mashine zinanguruma, mvuke. Uwase alikuwa peke yake mezani, mlima wa mashuka mbele yake. Aliponiona hakuacha kukunja. Nilikuwa nimejiandalia hotuba, nzuri sana, ina utangulizi. Nikashika ncha ya pili ya shuka. Tukakunja. Alivuta ncha, nami nikavuta. Tukakunja lingine.

Nilikaa kimya mpaka masikio yakaniuma.

"Yaya," akasema baadaye, "ile mambo ya mama, nilikuambia mu gari."

"Ndiyo."

"Nilikuambia juu kulikuwa joto, na njia ilikuwa imefunga, na we ulinichekesha na ile samaki, nikasikia niko na kaka. Haikuwa ya kipaza."

"Ndiyo."

"Kambini bazungu banakuja na kamera, banasema, lia kidogo. Mi nilikataaka. Nilikuwa mutoto tu, lakini nilikataa. Sasa hapa, mbele ya batu, ni we njo umewaambia. We."

Ningekuwa na kipaza ningekimeza. Nikatoa zile kadi zangu zote mfukoni, nikaziweka kwenye pipa la takataka. Akazitazama.

"Umeacha umeneja?"

"Nimeacha."

"Na Kanali?"

"Mama Peterson atatafuta mtu mwingine. Wewe rudi tu uimbe. Mwalimu anakuja."

Akachukua shuka lingine, akanipa ncha.

"Hapana. Nitarudi kama Kanali ni we. Mi nataka nisimame pale mulangoni nikuangalie mpaka unyamaze. Mbele ya batu."

Alhamisi, 22 Novemba

Sikukuu ya Wamarekani ya bata mzinga. Domina amempika na nazi na pilipili manga. Uwase alikuja. Alikula, aliongea na Domina na Jacqueline, wakafungiana chumbani wanawake watatu kutazama khanga za Domina. Mimi niliosha vyombo.

Jumamosi, 24 Novemba

Mazoezi. Nimeshindwa tena kuishiwa maneno. Nilipofika pale, nikanyamaza kama nilivyoambiwa, lakini Mama Peterson anasema hiyo si kuishiwa, hiyo ni kujizuia, mtu aliye benchi la mwisho anaona. Uwase anasema anaona hata akifumba macho.

Jumatano, 5 Desemba

Theluji ya kwanza. Wazee wamebaki majumbani. Nimezunguka gari mara nyingi nikipangusa theluji, na inaanguka tena. Imebaki Jumamosi. Nafanya mazoezi bafuni na Domina anapiga mlango.

Jumapili, 9 Desemba

Niandike taratibu, maana mkono unataka kukimbia.

Jana kanisa lilijaa mpaka kwenye ngazi. Wale wa chakula cha jioni walikuwepo, hata mzee wa koti. Mwalimu wa Baltimore alikaa benchi la pili upande wa kulia, mama mnene mwenye miwani mikubwa, mikono imekunjwa. Domina na akina mama wenzake Watanzania walijaza mabenchi mawili karibu na njia ya katikati, wamebeba mapochi makubwa kuliko kawaida. Niliona, nikadhani ni chakula.

Nikapanda na kofia yangu na koti refu. Uwase akafunguliwa mlango mkubwa wa nyuma, akasimama pale, gauni la buluu, mikono chini. Kutoka kwake mpaka jukwaani ni kanisa zima.

Nikaanza. Mabibi na mabwana, ajabu ya dunia, mtumwa aimbaye. Nilikuwa vizuri. Nasema kweli, nilikuwa vizuri kupita siku zote. Watu walinichukia mara moja. Nilieleza viboko. Nilieleza shamba. Yeye amesimama. Nikaingia mstari unaosema, *na mama yake, mabwana, mama yake siku alipouzwa...*

Ule mstari nilikuwa nimeusema bafuni mara mia. Nilimtazama pale mlangoni, mbali, na yeye akanitazama, wala hakuwa amekasirika. Alikuwa anasubiri. Nikasema tena, "Na mama yake..." Likakatika.

Karatasi ilikuwa na mistari saba zaidi kabla ya mahali pa kuishiwa. Nilimwona Mama Peterson pembeni akinitajia kwa midomo, polepole, kama anamwelekeza kiziwi. Niliyaona maneno. Hayakuwa yangu. Nikatafuta kichekesho, siku zote kipo kimoja chini kabisa ya gunia, nikakuta gunia tupu. Nikavua kofia. Sikujua niifanyie nini, kwa hiyo nikaikalia.

Kwa maandishi, hapo Dorothea anatembea peke yake mpaka jukwaani na hakuna wa kumpa mkono. Uwase akachukua hatua ya kwanza, viatu vinalia kwenye mbao.

Domina akainuka.

Nilimwona akifungua pochi, akitoa khanga. Nikajua, wanakwenda kumtuza, na mstari utaanza tena, na koti, na pole mwanangu, na mwalimu anatazama. Nikainuka nusu, nikampungia mkono akae. Alikuwa karibu na jukwaa, akaninong'oneza bila kugeuza shingo:

"Kaa chini, mume wangu. Leo huna kipaza."

Akaikung'uta ile khanga, akaitandika sakafuni katikati ya njia, akapiga goti kuinyoosha ncha. Mwenzake akatandika ya pili nyuma yake. Ya tatu. Wote wamevaa vizuri, wamepiga magoti kwenye mbao wanatandika, kama tunavyomtandikia bibi harusi au mgeni ambaye hatutaki mguu wake uguse vumbi. Wiki mbili walipanga. Hawakuniambia kwa sababu ningetangaza.

Uwase alifika kwenye ukingo wa khanga ya kwanza akasimama. Aliwatazama wale mama. Aliwatazama wale watu wa chakula cha jioni. Hakuna aliyetoa kitu mfukoni; walikuwa hawajui ni nini hiki, na safari hii hakukuwa na mtu wa kuwaeleza. Moyo wangu ulikuwa kwenye kofia.

Akainama, akavua viatu, akaviacha pale. Akakanyaga.

Alitembea polepole sana. Khanga zilikuwa hazifiki, ilibaki nafasi kama ya hatua tatu mbele ya jukwaa, na Mama Peterson akatoka pembeni, akavua mtandio wake wa sufu, ule wa kanisani, akautandika. Hakujua kuutandika, ulikunjamana. Uwase alipita juu yake hivyo hivyo.

Kisha akaimba. Siwezi kuandika alivyoimba. Nimejaribu, nimefuta. Niseme tu kwamba Kitaliano kilikuwa safi na mzee wa koti alisimama wima tangu nota ya kwanza mpaka ya mwisho, mikono mfukoni, kama mtu aliye mbele ya bendera.

Watu walipokuwa wanatoka, mwalimu wa Baltimore alikuja. Alizungumza na Uwase, Uwase mwenyewe, kwa Kiingereza chake kidogo. Nilikuwa karibu, nilisikia kila kosa la sarufi na sikulirekebisha hata moja. Alimwuliza jina lake kamili, nani alimfundisha, anapenda kuimba nini. Uwase alijibu yote. Jumatatu ya pili ya Januari, saa nne asubuhi, aende Baltimore na nyimbo mbili.

Kisha yule mama akanigeukia. "Na wewe ni nani wake?"

Domina alishika mkono wangu kwa nguvu.

"Dereva," nikasema.

Nilimrudisha Uwase Gaithersburg. Domina alipanda gari la wenzake na khanga zake. Theluji imebaki pembeni mwa barabara, nyeusi kwa moshi. Barabara ya 270 ilikuwa wazi, na mimi nikaendesha mikono miwili, macho mbele. Tukapita Rockville.

"Yaya," akasema, "juu ya nini umenyamaza?"

"Nilidhani ndivyo unavyotaka."

"Kule kanisani njo nilitaka." Viatu alikuwa ameviweka mapajani. "Hapa njia ni mrefu. Ongea."

"Niongee nini?"

"Ile ya Napoli. Ile samaki haujamaliza."

Nikaanza. Lakini huwezi kuanzia kwenye samaki, lazima mtu aelewe kwanza meli ilikuwa ya nani na nahodha alikuwa amegombana na nani, na tulipofika mlangoni kwake tulikuwa bado hatujatia nanga. Hakushuka. Alinyoosha mkono akazima injini, akasema niendelee.